Mzigo Hauamkii Mtu

Watu wa milimani juu ya Mlali walikuwa na malalamiko mengi kuhusu Dominiko, lakini lililowakera kuliko yote ni namna alivyowaamkia wakubwa. Mtu mwenye malezi akikutana na mzee njiani husimama, hutua alichobeba, hukunja magoti kidogo, hutoa shikamoo yake na kungoja marahaba. Dominiko yeye aliitupa shikamoo nyuma ya bega, akiwa ameshapita, kama anayetupa ganda la muwa. Mzee alipofungua kinywa aitikie, alichokiona ni kisigino kikiishia kwenye kona.

"Huyu alizaliwa amekanyaga siafu," walisema wanawake mtoni, na ukimwangalia ungekubali. Kanisani alisimama mlangoni akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, mpaka padre akamkumbusha kwamba hata Mungu alipumzika siku ya saba. Msibani, wenzake walipokaa mkekani, yeye alipasua kuni tangu asubuhi mpaka jioni. Mama yake, Bi Agnes, alimfuata uani na bakuli la magimbi akimsihi akae ale kama binadamu. Alikula akitembea.

Wenye kusahau haraka walidhani ameumbwa hivyo. Si kweli. Mpaka alipotimiza miaka ishirini hapakuwa na kijana mwenye adabu kumshinda katika mlima mzima, na adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomharibu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1944. Misheni ilitaka boriti kumi na mbili za paa la shule, na kazi ya kuzishusha kutoka msituni walipewa wapasua mbao. Dominiko na Stefano walikuwa wageni katika kazi ile. Walikuwa marafiki tangu mafundisho ya ubatizo, wenye kimo kimoja na ubishi mmoja, nao wakapewa boriti moja waibebe mabegani, Dominiko mbele, Stefano nyuma.

Kipande kibaya cha njia yao kiliitwa Vuaviatu. Jina lilikuwa onyo: mwenye viatu avivue, maana soli ya ngozi huteleza juu ya udongo mwekundu wa pale, lakini vidole vya mguu mtupu hung'ang'ania. Upande mmoja ni ukingo wenye upupu na miiba, upande wa pili ni korongo, na katikati ni nafasi ya mtu mmoja. Hapo katikati ndipo walipomkuta Mzee Yohana akipanda.

Mzee Yohana alikuwa kaka wa Bi Agnes, yaani mjomba wa Dominiko. Kwa Waluguru neno hilo si dogo. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye ukoo ni mjomba. Baba atakulea na kukupenda, lakini anayekugawia shamba, anayesimamia ndoa yako na anayesema uzikwe wapi ni mjomba. Mjomba hapitwi njiani. Kwa hiyo Dominiko akafanya alichofunzwa tangu alipojua kutembea. Akasimama, boriti ikiwa begani, akakunja magoti.

"Shikamoo, mjomba."

Stefano hakuwa amemwona mzee. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyake mwenyewe. Hakuambiwa asimame, na hata angeambiwa, mteremko ulikuwa umeshamchukua. Boriti ikaendelea na safari yake. Iliteleza juu ya bega la Dominiko, ikalichana, ikainama mbele, ikamvuta Stefano aliyekuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, akaanguka, na ncha ya nyuma ikamshukia kwenye muundi wa mguu wa kushoto.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Yohana. Alikuwa ameshaanza kuitikia, na neno likatoka lote. Marahaba na mlio wa mfupa vilisikika pamoja.

Stefano hakufa. Aliungwa na fundi wa mifupa, akalala miezi mitatu, akaamka na mguu uliopinda ambao ulimfanya atembee kama anayevuka mto kila hatua. Hakumlaumu mtu. Wengine walilaumu kwa niaba yake: hawa walisema kosa ni lake kwa kutotazama mbele, wale walisema ni shetani, mwingine akasema boriti ile ilikatwa bila kuombewa. Hakuna aliyesema kwamba kosa lilikuwa kusimama, maana katika milima ile hapakuwahi kusikika kwamba adabu inaweza kuvunja mguu.

Dominiko peke yake ndiye aliyekuwa na swali, nalo halikumwacha alale. "Mimi nilisimama," alimwambia kila aliyekubali kusikiliza. "Mbona boriti haikusimama?" Watu walimwonea huruma, wakadhani amepata mshtuko. Alichojua yeye ni kwamba amesimama mara moja njiani na rafiki yake amekuwa kiwete. Tangu siku hiyo hakusimama tena katika njia yoyote, awe na mzigo, asiwe na mzigo.

Haikuchukua muda kabla hajampita Mzee Yohana. Mara ya kwanza mzee alidhani kijana hakumwona. Mara ya tatu akaitisha kikao cha ukoo, na Dominiko akatozwa jogoo kwa utovu wa heshima. Alimleta jogoo mwenyewe, akamweka mlangoni kwa mjomba wake, akageuka na kuondoka, salamu akiitupia barabarani.

Mzee Yohana akatoka nje akiwa amemshika jogoo kwapani. "Nisikilizeni wote," alisema kwa sauti ya kusikika bonde zima. "Huyu hawezi kusimama kuniamkia. Basi na mimi, hata aje kunipigia magoti, marahaba yangu hataisikia tena." Na alikuwa mtu wa kushika neno lake, kwa bahati mbaya ya kila mmoja.

Ilimuuma Dominiko. Tusidanganyane, ilimuuma sana. Mashamba mapya yalipogawiwa hakuitwa. Kwenye matambiko ya ukoo alisikia ngoma akiwa mbali, akikaza mwendo. Angeweza kwenda siku moja, akakunja magoti, akayamaliza. Alijaribu mara mbili. Kila alipofika uani kwa mjomba na kujilazimisha asimame, alisikia ile marahaba ya Vuaviatu na mfupa ndani yake, na miguu ikamtoa mbio.

Walimtupia methali zote zilizopo. "Haraka haraka haina baraka, Dominiko!" "Mwenda pole hajikwai!" Naye alijibu akiwa ameshafika mbali: "Mwenda pole hajawahi kubeba boriti!"

Basi kero yake yote akaihamishia kwenye kazi. Kwa kuwa hakuweza kuacha kuwaza jinsi magogo yanavyokwenda, akawa fundi wa kuyashusha kuliko wote kutoka Mlali mpaka kileleni. Alijua kwamba gogo likilala kwenye udongo mkavu haliendi hata likisukumwa na watu sita, lakini ukilitandikia mashina ya migomba yaliyomenywa, yenye utelezi wake, watu wawili wanalipeleka. Alijua kwamba gumu ni kulianzisha. Likishaanza, ugumu unahamia kwenye kulisimamisha. Na alijua siri ya kamba. Gogo zito la kuwashinda wanaume wanne, ukizungusha kamba ya katani mara tatu kwenye mti ulio hai, mtu mmoja aliyekaa kitako analishika, kwa sababu mti unakwaruzana na kamba na kukusaidia kuvuta. Aliyekaa kitako alikuwa Stefano. Mguu wake haukumfaa kwa kubeba, lakini mikono yake ilikuwa ya chuma. Dominiko alipiga kelele kutoka chini, "Achia!" na Stefano aliachia kidogo kidogo; alipopiga, "Kaza!" gogo likanyamaza papo hapo.

Mwaka 1948 Stefano alimwoa Modesta, dada yake Dominiko, binti pekee wa Bi Agnes. Dominiko alicheza ngoma ya harusi usiku kucha, jambo lililompendeza kila mtu, maana kwa mara ya kwanza kutotulia kwake kulikuwa na mahali pake.

Mwalimu Yakobo alikuja mwaka 1951 kufundisha darasa la nne. Alikuwa kijana wa mjini Morogoro, mwenye viatu vyeusi vya kung'aa na kitabu cha maarifa kwapani. Alipoambiwa jina la Vuaviatu alicheka, akasema yeye si mshamba. Akateremka kipande chote kwa makalio. Dominiko, aliyekuwa akipanda, alimwinua kwa mkono mmoja bila kusimama na kumpa kitabu chake kwa mkono wa pili.

"Kilichoniangusha ni upungufu wa msuguano," alisema mwalimu akijifuta tope, maana hakutaka kushindwa mbele ya mpasua mbao.

"Kilichokuangusha ni viatu," Dominiko alijibu kutoka juu.

"Ndiyo hicho hicho!" mwalimu akamwita. Dominiko akarudi. Hakusimama, alimzunguka mwalimu kama jogoo, lakini alirudi, kwa sababu hakuwahi kusikia kwamba jambo lile lina jina.

Wakawa marafiki. Kila Ijumaa mwalimu aliwaleta wanafunzi wake kwenye mashimo ya kupasulia mbao, na Dominiko akawaonyesha mashina ya migomba na kamba. Yeye alitoa kazi, mwalimu akatoa majina. Kule kusukuma na kuvuta ni nguvu. Kule kukwaruza ni msuguano. Na kile kinachofanya kila kitu kielekee Mlali kisipozuiwa ni mvutano wa dunia.

"Inavuta hata mtu aliyekaa?" Dominiko aliuliza.

"Hata aliyelala."

"Basi mjomba wangu haimvuti, imeshamfikisha." Wanafunzi wakacheka mpaka mwalimu akawakemea, ingawa na yeye alikuwa anacheka.

Ijumaa moja walibishana kuhusu kuanguka. Mwalimu alisema kitu kizito na kitu chepesi vikiachiwa pamoja kutoka juu hufika chini pamoja, isipokuwa hewa ikikizuia kimoja, kama inavyoliyumbisha jani. Dominiko akasema sasa kitabu kimelewa. Akapanda kwenye jukwaa la kupasulia, boga kubwa mkono huu, chungwa mkono ule, akaviachia. Vilipiga chini kwa mlio mmoja. Akakataa. Akatafuta boga lingine, akapanda tena, na la tatu, mpaka Bi Agnes akaja na mwiko kuuliza ni mtihani gani huu unaomaliza mboga ya watu. Dominiko alishuka akiwa amekunja uso. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba boriti ilimwangukia Stefano kwa sababu ilikuwa nzito, na kwamba laiti wangepewa nyembamba isingekwenda vile.

"Nzito ingemuumiza zaidi," mwalimu alisema, "lakini nyembamba nayo ingeondoka. Sikiliza hapa." Akafungua kitabu, akawasomea wanafunzi, na Dominiko akizunguka zunguka nyuma yao. "Kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka nguvu ikisukume au ikivute. Kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka nguvu ikizuie."

Nyuma ya darasa hatua zilikoma. Wanafunzi waligeuka kutazama, kwa kuwa hawakuwahi kumwona Dominiko akiwa amesimama.

"Rudia," alisema.

Mwalimu akarudia.

"Hata kama aliyekibeba amesimama?"

"Kitu hakijui habari za aliyekibeba. Kama hakuna kinachokizuia, kitakwenda."

"Hata kama amesimama kwa adabu?"

Mwalimu hakujua anaulizwa nini, lakini aliona macho ya mwenzake, akafunga kitabu. "Boriti haina adabu, Dominiko. Wala haina utovu wa adabu. Ni boriti tu."

Dominiko alikwenda mbio mpaka kwa Stefano akamweleza yote, boga, chungwa na maneno ya kitabu. Stefano alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amenyoosha ule mguu uliopinda. "Kwa hiyo miaka saba nachechemea," alisema, "kwa sababu ya somo la darasa la nne." Akacheka mpaka machozi. Kisha akapiga kigoda kilichokuwa karibu yake. "Haya, swali lako limejibiwa. Kaa sasa."

Dominiko alikaa. Alikaa muda wa kupiga chafya, akainuka. Swali lilikuwa limejibiwa kweli, lakini marahaba ilikuwa bado iko masikioni. Alichopata ni msemo, na msemo huo akawafundisha wabebaji wote wa njia ile: mzigo hauamkii mtu. Ukiwa na mzigo mteremkoni, salamu peleka kwa mdomo, miguu iendelee. Vijana waliushika. Wazee waliukasirikia, na Mzee Yohana aliposimuliwa alitema mate pembeni.

Sasa tufike masika ya mwaka 1955, mwaka wa matuta, ambao serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu kuchonga ngazi kwenye mashamba yao na wazee wakiitwa Mlali kila wiki kwenda kugombezwa. Modesta alikuwa na mimba. Walikuwa wamengoja miaka saba. Kwa ukoo mzima wa Bi Agnes hakukuwa na tumbo lingine la kutegemea. Modesta asipozaa, nyumba ile inafungwa na jina lake linakwisha. Naye Dominiko hakuwaza ukoo. Aliwaza dada yake, aliyekuwa mtu pekee asiyewahi kumwambia akae.

Uchungu ulianza Jumatatu. Jumatano asubuhi Bi Magdalena, mkunga wa miaka mingi, alitoka ndani akiwa ananawa mikono, akatikisa kichwa. "Mtoto amekaa vibaya. Mpelekeni hospitali mjini leo hii. Akilala hapa leo, kesho mtazika wawili."

Gari linafika Mlali tu. Kutoka Mlali kwenda juu ni miguu, na katikati ni Vuaviatu, iliyokuwa imenyeshewa siku nne mfululizo.

Dominiko alikata mti mmoja mrefu mwepesi, wakafunga blanketi mbili chini yake kama bembea, wakamlaza Modesta ndani. Wabebaji wanne: mbele Dominiko mwenyewe na nyuma yake Hatibu, mchuuzi wa ndizi wa Mlali, kwa kuwa walikuwa warefu, na wakati wa kuteremka wa mbele anasimama chini zaidi; mwisho wa mti jirani mmoja mfupi na Mwalimu Yakobo. Mwalimu alikuwa ameshavua viatu bila kuambiwa na kuvifunga shingoni. Juu ya Vuaviatu, palipokuwa na mkuyu, Stefano alikaa kitako, akaukanyaga mzizi kwa mguu wake mzima, akazungusha kamba ya katani mara tatu kwenye shina. Ncha nyingine ilifungwa nyuma ya mti wa kubebea. Kamba ilitosha kipande chote kibaya, hatua sitini, bila ziada.

"Hakuna kusimama mpaka kwenye jiwe la chini," Dominiko aliwaambia. "Mmoja akisimama, mgonjwa hatasimama naye. Mmesikia?" Walisikia. Stefano alimtazama mkewe mara moja, akatazama kamba.

"Achia!"

Wakaingia. Tope lilifika kwenye vifundo vya miguu, na chini yake udongo ulikuwa kama sabuni. Kila hatua Dominiko alihisi mti ukimsukuma begani, pale pale palipokuwa na kovu la boriti. Nyuma yake Modesta aliuma kitambaa. Hatua ishirini. "Achia, Stefano, pole pole!" Hatua thelathini, na wakatokea kwenye kona.

Mzee Yohana alikuwa njiani, akipanda.

Alikuwa anatoka Mlali kwenye kikao cha matuta, amelowa, amezeeka, mkongojo mkononi. Alisimama katikati ya njia kama alivyosimama siku zote, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kuwa yeye anayepisha.

Na hapo, baada ya miaka kumi na mmoja ya kutosimama mbele ya mtu, magoti ya Dominiko yakaanza kujikunja. Hakuyatuma. Yalifunzwa zamani kuliko yeye mwenyewe kujifunza. Nyuma ya kichwa chake alimsikia Hatibu, mtoto wa watu, akianza, "Shika..." na mwendo wake ukilegea. Mti ukasukuma. Blanketi likabembea mbele. Modesta akapiga ukelele.

"Msimwamkie!" Dominiko aliunguruma. "Hatusimami! Miguu, miguu!" Akanyoosha magoti kwa nguvu mpaka yakauma. Hatua tano zilibaki kati yake na mzee, na hakuna mahali pa kupita. "Mjomba! Mzigo hauamkii mtu! Toka njiani!"

Neno kama hilo halijawahi kutamkwa kwa mjomba katika milima ile. Hata mvua ilionekana kusikia. Mzee Yohana akamtazama mpwa wake. Akatazama ule mti begani. Akatazama mahali walipokuwa, na Dominiko akaona uso wake ukibadilika, kwa kuwa palikuwa ni pale pale.

Mzee akatupa mkongojo. Akajitupa ukingoni kwa mwili wake wote, kwenye upupu na miiba, akashika mzizi kwa mikono miwili, tumbo likiwa limelala kwenye majani, nafasi ya mtu mmoja ikabaki wazi.

"Marahaba!" alipiga kelele. Hakuna aliyekuwa amemwamkia. "Marahaba, wanangu, piteni! Marahaba, Dominiko! Marahaba!"

Walipita. Bega la Dominiko liligusa mgongo wa mjomba wake, na hakusimama.

Yaliyotokea nyuma yake alisimuliwa baadaye na Stefano. Mzee alijikokota mpaka juu kwenye mkuyu. Stefano, mikono yote miwili ikiwa kwenye kamba, alitaka kutoa heshima. "Usiniamkie," mzee alimkatiza. "Ni nani yumo mle?"

"Modesta."

 Mzee alikaa chini nyuma ya Stefano, kwenye tope, akaishika kamba. Waliiachia pamoja mpaka sauti kutoka chini ilipopiga, "Kaza!"

Mlali walimkuta Salehe, dereva wa lori la mboga, akipakia kabichi. Alitazama blanketi, akaanza kuzishusha kabichi mwenyewe bila kuulizwa. Modesta alifika hospitali akiwa hai. Mtoto alizaliwa usiku ule kwa kisu cha daktari, kwa taabu, na akalia.

Siku ya nne Dominiko alirudi mlimani kupeleka habari. Alifika kwa Mzee Yohana saa ya chakula. Mzee alikuwa amekaa barazani, mikono na tumbo vimepakwa majivu kwa ajili ya muwasho wa upupu. Dominiko aliingia uani, akasimama. Akakunja magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Unaniamkia tena? Nilishaitikia kule mteremkoni."

"Ni wa kike," alisema Dominiko. "Wote wazima."

Mzee akafunga macho. Wa kike maana yake ukoo una mtu wa kuubeba. Akajikuna polepole.

"Wanasema mkubwa ni jalala," alisema mwishowe. "Jumatano nilikuwa jalala kweli, nilijaa majani." Hakucheka. "Siku ile ya Stefano niliitikia salamu huku mtu anavunjika. Unadhani ni wewe peke yako uliyeisikia? Miaka kumi na mmoja imenikaa kooni. Ilikuwa rahisi kukukasirikia wewe kuliko kujikasirikia mimi. Kaa."

Dominiko akakaa kwenye kigoda. Alikaa kweli, mgongo ukutani, akajihisi mzito kama anavyopaswa kuwa mtu yeyote duniani. Mguu wake wa kulia tu ndio ulioendelea kutikisika, kisigino juu, kisigino chini, kama haujapata habari.

Mzee Yohana aliutazama ule mguu, akamsogezea bakuli la magimbi.